Ujira wa Tarishi: Nani Alipe?

Msomaji, ikiwa uko Kitale nawe wataka kununua viatu vya mwuzaji aliye Nairobi, viatu ulivyoviona kwa picha tu katika simu, una mapatano mawili ya kufanya. La kwanza ni bei ya viatu. La pili ni ujira wa yule atakayevichukua kutoka dukani hadi mkononi mwako. Lile la kwanza mara nyingi huisha kwa amani, kwa kuwa bei imekwisha kuandikwa chini ya picha. La pili ndilo liletalo maneno. Mwuzaji alisema shilingi 300, mchukuzi afikapo ataka 450, mnunuzi akataa, mzigo warudi ulikotoka, na kila mmoja aondoka akiamini kwamba amelaghaiwa na mwenziwe. Wako wadhanio kwamba ugomvi huu ulizaliwa pamoja na intaneti. Sivyo hata kidogo. Ni wa kale kuliko stempu, na hiyo stempu yenyewe ilibuniwa ili kuutuliza.

Twende kwanza Uingereza katika miaka ya 1830. Huko, kwa desturi, barua haikulipiwa na mwandishi bali na yule aliyeandikiwa. Tarishi alibisha mlango, akataja deni, akangoja fedha. Deni lilitegemea umbali wa safari na idadi ya karatasi. Karatasi mbili zilitozwa mara mbili ya moja, na bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi. Kwa hiyo watu waliacha bahasha, wakaikunja barua yenyewe na kuipiga lakiri. Wengine walipoijaza karatasi waliigeuza ubavu, wakaandika tena juu ya maandishi yale yale kwa kuyakatiza, na msomaji akajitaabisha kuzitenganisha habari za harusi na habari za mazishi. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilipita shilingi moja, na shilingi moja ya siku zile ilikuwa sehemu kubwa ya mshahara wa kibarua kwa siku. Wabunge, nao, walipeleka barua zao bure kwa kutia sahihi tu, na rafiki zao hawakuona haya kuziomba sahihi hizo. Hivyo mzigo ulimwangukia asiye na mbunge wa kumjua.

Sasa fikiri jambo hili. Mpokeaji alikuwa na haki ya kuikataa barua. Posta imekwisha kuibeba mamia ya maili kwa farasi na magari, imekwisha kuwalipa watu njiani, kisha mlangoni yaambiwa, "Siitaki." Itafanya nini? Kazi haiwezi kurudishwa kama kitambaa kisichopendeza. Na watu walikuwa werevu. Walipatana alama za kuandika juu ya barua, kwa namna ya kuandika jina au kwa kijistari mahali fulani. Mpokeaji aliitazama kwa nje, akapata habari aliyoitaka, akairudisha bila kulipa hata peni. Husimuliwa kwamba Samuel Taylor Coleridge, mshairi, alimwona mwanamke katika nchi ya maziwa ya kaskazini akishindwa kulipa shilingi ya barua ya nduguye. Mshairi akamhurumia, akalipa. Tarishi alipoondoka, mwanamke akamwonyesha kwamba ndani hamkuwa na neno lolote: karatasi tupu ilikuwa ndiyo salamu, maana yake ndugu yu hali njema. Kisa hiki baadaye watu walimvisha Rowland Hill, kana kwamba ndiye aliyelipa shilingi ile. Bali Hill alikuwa msimulizi wake tu.

Hill huyu alizaliwa mwaka 1795, akawa mwalimu wa shule kabla ya kujulikana kwa jambo jingine. Hakuwa mtu wa posta, na nadhani hiyo ndiyo iliyomfaa. Watu wa posta walijiuliza kila mwaka watoze kiasi gani. Yeye aliuliza kazi yenyewe yagharimu kiasi gani. Akapiga hesabu, akaona kwamba kuibeba barua moja njiani kutoka London hadi Edinburgh kuligharimu sehemu moja tu katika 36 za peni moja. Fedha nyingi hazikuliwa na barabara. Zililiwa na makarani waliozitazama barua moja moja kwenye mwanga wapate kuhesabu karatasi, walioandika deni la kila moja, na matarishi waliosimama milangoni wakingoja chenji. Kwa maneno mengine, gharama kubwa ya posta ilikuwa ni ule ugomvi wa malipo wenyewe.

Mwaka 1837 alitoa kijitabu chake, akataka mambo mawili: bei iwe moja nchini kote kwa kufuata uzito, na mwandishi alipe kabla barua haijaondoka. Mkuu wa Posta wa wakati ule, Lord Lichfield, aliyaona mawazo hayo kuwa ndoto. Wafanyi biashara wa London waliyashika kwa mikono miwili. Bunge likapitisha sheria mwaka 1839, na tarehe 10 Januari 1840 barua yenye uzito wa nusu wakia ikaanza kwenda popote nchini kwa peni moja. Stempu nyeusi yenye kichwa cha Malkia Victoria ikaanza kutumika tarehe 6 Mei mwaka ule ule. Asiyelipa kabla hakukatazwa kupeleka barua, lakini mpokeaji wake alitozwa peni mbili. Tazama ujanja wake: hakulazimisha, alifanya kuchelewa kulipa kuwe ghali.

Barua zilizokuwa kiasi cha milioni 76 mwaka 1839 zikafika kiasi cha milioni 169 mwaka 1840. Lakini faida ya posta ilianguka kutoka pauni kiasi cha 1,600,000 hadi kiasi cha 500,000, na wapinzani wakapata la kusema. Hill aliondolewa kazini mwaka 1842, akarudishwa mwaka 1846. Alipokufa mwaka 1879 alizikwa Westminster Abbey, pamoja na wakuu wa taifa lake.

Wakusanyaji wa stempu huitukuza ile karatasi ndogo nyeusi. Mimi naona kwamba sifa yastahili kitu kingine, nacho ni utaratibu wa wakati: bei ijulikane kwanza, fedha itoke pili, safari iwe ya tatu. Pale utaratibu huo ulipovunjwa, maneno yalirudi.

Lakini bei moja kwa wote huficha jambo. Aandikaye barua ya mtaa wa pili amlipia sehemu yule aandikaye ya mbali. Kwa barua tofauti hiyo ni ndogo hata haina maana, kama Hill alivyoonyesha kwa hesabu yake. Kwa mizigo siyo ndogo. Marekani ilianzisha posta ya vifurushi tarehe 1 Januari 1913, ikaigawanya nchi katika kanda kwa kufuata umbali. Umbali huo ulipimwa kwa mstari ulionyoka juu ya ramani. Katika mji mdogo wa Vernal, jimbo la Utah, mwaka 1916, mtu mmoja alitaka kujenga benki ya matofali mazuri ya kutoka Salt Lake City. Aliuliza nauli ya magari ya mizigo, akashtuka. Akauliza bei ya posta, akacheka. Matofali yakafungwa katika makasha yasiyozidi ratili 50 kila moja, kama sheria ilivyotaka, yakatiwa stempu, yakapelekwa tani kwa tani kama vifurushi vya sikukuu. Juu ya ramani safari ilikuwa fupi. Juu ya ardhi ilikuwa zaidi ya maili 400: kwa reli hadi Colorado, kisha kwa reli nyembamba ya milimani, kisha kwa magari ya kukokotwa. Posta ilikula hasara kwa kila kasha. Haikuweza kukataa, kwa maana bei iliitangaza yenyewe. Ilichoweza ni kuweka kanuni mpya, kwamba mtu mmoja asimpelekee mwenziwe zaidi ya ratili 200 kwa siku. Benki ile ingali imesimama.

Mataifa nayo yalikuwa na ugomvi wao. Barua ya kuvuka mipaka ilitozwa na kila nchi iliyopita, kwa mikataba mingi iliyopingana. Tarehe 9 Oktoba 1874 nchi 22 zilikutana Bern, Uswisi, kwa juhudi za Heinrich von Stephan wa Ujerumani, zikaunda umoja ambao tangu 1878 waitwa Umoja wa Posta Ulimwenguni. Walipatana kwamba kila nchi ijiwekee fedha ya stempu ilizouza, na barua za wageni izigawe bila kudai kitu. Sababu yao ilikuwa nyepesi: kila barua huzaa jibu, kwa hiyo mizigo italingana. Huku kwetu, stempu za kwanza za Mombasa zilitumika mwaka 1890, zikiwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya British East Africa Company. Na Kenya huru ilijiunga na Umoja huo mwaka 1964.

Ile sababu nyepesi ilidumu karibu miaka 100. Lakini barua huzaa jibu. Kifurushi cha duka hakizai. Mwaka 1969, katika mkutano wa Tokyo, ilikubaliwa kwamba nchi ipokeayo zaidi ilipwe kwa kazi ya ugawaji, na baadaye nchi zenye uchumi mchanga zikawekewa viwango vya chini. Uchina ilihesabiwa miongoni mwa hizo. Biashara ya mtandao ilipokua, wafanyi biashara wa Marekani walilalamika kwamba kifurushi kidogo kutoka Uchina chafika mlangoni kwa mteja wao kwa ujira mdogo kuliko kile kitokacho mji wa jirani. Oktoba 2018 serikali yao ilitoa notisi ya kujitoa katika Umoja. Septemba 2019 wanachama wakakutana Geneva kwa dharura, wakaruhusu nchi zipokeazo mizigo mingi zijitangazie viwango vyao, na notisi ikafutwa. Hata mkutano wa Umoja wa mwaka 2008 ungalifanyika Nairobi, lakini ulihamishiwa Geneva kwa sababu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wetu wa Desemba 2007.

Wauzaji wadogo wa mtandaoni waliujua mchezo huu mapema. Soko la eBay, lililoanzishwa mwaka 1995, lilikuwa likichukua ada yake katika bei ya kitu tu. Basi wako waliouza kitu kwa dola moja na kudai dola 20 za posta. Ada ikawa ndogo, na mnunuzi aliyevutwa na dola moja akalia mwishoni. Tangu Julai 2011 soko hilo la Marekani likaanza kutoza ada juu ya jumla, posta ikiwamo, na faida ya hila hiyo ikafa. Amazon nayo, mwaka 2005, iliwaambia wateja walipe dola 79 kwa mwaka, kisha wasitozwe tena kwa kila mzigo wa siku mbili. Watu huliita jambo hilo "bure". Wewe uliyesoma habari za Hill walijua jina lake: ni malipo ya kabla ya safari.

Na sisi? Posta yetu ilijengwa juu ya masanduku. Mwenye barua huifuata, barua haimfuati. Nyumba nyingi hazina namba wala jina la njia, kwa hiyo hatua ya mwisho, kutoka ofisi ya basi hadi mlangoni, haikupata kuwekewa bei na mtu yeyote. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya kupata habari azihitajizo ili afaidi bidhaa na huduma, lakini mwendesha bodaboda ambaye hajui nyumba iko wapi atataja bei gani ya haki? Mnunuzi aogopa kulipa kabla, asije akatumiwa kasha tupu. Mwuzaji aogopa kutuma kabla, asije akaambiwa mlangoni, "Siitaki." Wengi sasa wamepatana katikati bila sheria kuwaelekeza: nauli hulipwa kwa simu kabla mzigo haujaondoka, nayo bei ya kitu hulipwa mzigo ukiisha kufunguliwa na kutazamwa. Mnunuzi akikataa, amepoteza nauli ya kuja. Nauli ya kurudi bado wanagombana.