Antena Iliyofundishwa Kugeuka

Sisi tuliowahi kusikiliza redio ya masafa mafupi ugenini tunaijua kazi ya dirishani. Ikikaribia saa ya taarifa ya habari kwa Kiswahili, redio huwekwa kwenye ukingo wa dirisha, antena yake huvutwa hadi mwisho, na mtoto mmoja wa nyumba hupewa amri ya kuishika. Sauti ikija hukatazwa kusogea: "Hapo hapo, usiachie!" Akiachia, mtangazaji humezwa na mvumo na lawama zote humwangukia yeye. Wengi wetu tuliwahi kuwa mtoto huyo, na baadaye tukawa mzee mwenye kupiga kelele.

Hatukujua kwamba tulikuwa tukifanya kwa mikono kazi ambayo mafundi wameitafutia njia kwa zaidi ya miaka mia moja, yaani kuibadili antena iendane na wimbi linalotakiwa. Leo kazi hiyo hufanyika ndani ya simu zetu za mkononi bila sisi kuhisi lolote. Tumeona ni vyema kueleza ilikotoka, kwani ndani yake mna habari inayotuhusu sisi tunaoishi mbali na kwetu.

Asili ya taabu ni kipimo. Antena ya kawaida hufanya kazi vizuri urefu wake unapokaribia nusu au robo ya urefu wa wimbi. Wimbi la megahezi 15, ambalo ni la masafa mafupi, lina urefu wa mita 20, kwa hiyo antena ya nusu yake ni mita 10. Wimbi la simu la megahezi 900 lina sentimita 33 tu. Tena waya haupeleki nguvu zake sawasawa pande zote. Namna ulivyotundikwa ndiyo huamua. Kwa hiyo aliyejenga antena alikuwa amekwisha kuamua mambo mawili kabla hata ya kuwasha mtambo: atasema kwa wimbi gani, na ataelekea wapi. Akibadili nia, ilimbidi abomoe na kujenga upya.

Profesa Ferdinand Braun alionyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Alikuwa Mjerumani aliyefundisha Strasbourg, mji ambao siku hizo ulikuwa wa Ujerumani na leo uko Ufaransa. Mwaka 1905 alisimamisha antena tatu kwenye pembe za pembetatu. Alijua kwamba mawimbi ya redio hukutana kama ya bahari: kilele kikikutana na kilele, wimbi hukua, kilele kikikutana na bonde, yote mawili hutulia. Akaifanya antena moja ichelewe kidogo, robo tu ya pigo, nyuma ya wenzake. Upande mmoja mawimbi yakasaidiana, upande mwingine yakauana. Kisha akabadilisha zamu za antena hizo, na mwelekeo ukageuka, ilhali hakuna nguzo iliyong'olewa. Mwaka 1909 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Marconi, na katika hotuba yake aliieleza kazi hiyo.

Vituo vikubwa vya utangazaji viliitumia kanuni hiyohiyo. BBC ilipoanza huduma yake kwa nchi za Dola tarehe 19 Desemba 1932, kutoka Daventry, ilikuwa na antena zilizoelekezwa sehemu mbalimbali za dunia. Baadaye zikaenea antena za pazia: nyaya nyingi zilizotundikwa baina ya minara mirefu, na nyuma yake pazia jingine la kurudisha mawimbi mbele. Fundi akirefusha njia ya umeme uendao upande mmoja wa pazia, upande huo huchelewa, na boriti ya mawimbi huinama kuelekea huko. Minara haisogei hata inchi moja. Kwa swichi tu, nchi moja husikia vizuri zaidi na jirani yake hupungukiwa.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Sauti ya Amerika mwaka 1962, na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Tulizoea kusema kwamba redio "imeshika" au "haikushika", kana kwamba ni hali ya hewa. Hali ya anga ina sehemu yake, ni kweli, lakini kulikuwa pia na mtu aliyeamua boriti ielekee wapi na kwa saa ngapi. Deutsche Welle ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo mjini Kigali tangu mwaka 1965. Kilipofungwa mwezi Machi 2015, hakukuwa na ufundi wa antena ambao ungekirudisha hewani. Antena hugeuka, wa kuigeuza ni mtu, na ni mtu huyohuyo awezaye kuizima.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuibadili antena yenyewe badala ya kupanga nyingi pamoja. Mwaka 1983 Daniel Schaubert na wenzake walipata hataza huko Marekani kwa antena bapa, kibati kilicholazwa juu ya ubao mwembamba. Kibati hicho kikiunganishwa na bati la chini yake mahali fulani, wimbi lake hubadilika. Kikiunganishwa mahali pengine, hubadilika tena. Kazi ya kuunganisha na kuachanisha yaweza kufanywa na diodi, ambayo ni swichi ya umeme isiyohitaji mkono. Simu ya leo inatakiwa kusema kwa mawimbi mengi, na mfukoni hamna nafasi ya antena moja kwa kila wimbi. Kwa hiyo chuma kilekile hupewa swichi, kikawa kirefu au kifupi kwa umeme.

Lakini hakuna cha bure. Kila swichi hula sehemu ya nguvu, hupunguza chaji ya betri, na yaweza kuchafua ishara. Mbunifu mzuri hajivunii wingi wa maumbo ya antena yake. Hujiuliza ni mabadiliko machache yapi yanayohitajika kweli, na mengine huyaacha.

Turudi kwa Braun. Baada ya vita vya 1914 kuanza alisafiri kwenda Marekani kutoa ushahidi katika kesi ya hataza iliyohusu kituo cha redio cha Sayville, New York. Mwaka 1917 Marekani ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na njia ya kurudi ikafungwa. Alifariki Brooklyn mwezi Aprili 1918, miezi saba kabla ya vita kwisha. Yeye aliyeweza kuyageuza mawimbi bila kung'oa nguzo hakupata njia ya kujirudisha nyumbani.

Siku hizi mtoto haamrishwi tena kusimama dirishani. Sauti ya shangazi kutoka Tanga au Bujumbura hutufikia kiganjani, na antena hujipanga yenyewe. Tusisahau tu kwamba imebaki kazi moja ambayo haikuwekewa swichi: ni sisi wenyewe kupiga simu.