Amri ya nane na bei yake

Tungali watoto tulijifunza katika katekisimu kwamba amri ya nane ya Mungu yakataza uwongo. Tulijibu bila kukosa neno, padri akafurahi, tukarudi nyumbani. Baadaye tukakua, tukaingia katika kazi, biashara na ndoa, tukaona kwamba amri ile si nyepesi kama tulivyodhani. Karani ataka matabishi ili aandike tarehe isiyo ya kweli. Mzazi apunguza miaka ya mtoto wake ili shule impokee. Mwuzaji aweka maharagwe mazuri juu ya gunia, na mabovu chini. Kila mmoja hujisemea: «Uwongo huu ni mdogo, haumdhuru mtu.»

Tena wako wenye swali zito kuliko hayo: «Kama wauaji wakifika mlangoni pangu kumtafuta jirani niliyemficha, niwajibu nini?» Katika nchi zetu za Maziwa Makubwa swali hilo si la vitabuni tu. Watu wengi walilikuta usiku, mlango ukigongwa.

Basi, wapenzi wasomaji, tutazame namna Eklezya ilivyolifikiri jambo hili tangu zamani. Tutaona kwamba hata walimu wakubwa hawakusema sauti moja.

Askofu aliyekataa mambo mawili

Habari ya kwanza yatoka katika Afrika yetu, upande wa kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria. Katika mji wa Thagaste kulikuwa na askofu, jina lake Firmus, maana yake imara. Hayo yalikuwa zamani za makaisari wapagani. Mtu mmoja mwenye kutafutwa na serikali alimkimbilia, naye akamficha vizuri sana. Watumishi wa kaisari wakaja kumwuliza. Firmus hakusema: «Simjui.» Wala hakusema: «Yuko pale.» Aliwaambia wazi kwamba hawezi kudanganya, na tena hawezi kumtoa mtu yule. Wakamtesa mwili kwa mateso mengi, asibadili neno. Mwisho wakampeleka mbele ya kaisari mwenyewe. Kaisari akastaajabia uimara wake, akamsamehe yule aliyefichwa.

Tumepata habari hiyo kwa Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa katika mji ule ule wa Thagaste mwaka 354, akawa askofu wa Hippo. Aliiandika katika kitabu chake juu ya uwongo, karibu na mwaka 395.

Walimu wasiopatana

Tusidhani kwamba wakati ule wakristu wote waliwaza kama Firmus. Mtakatifu Yoane Krisostomo, katika kitabu chake juu ya upadri, asimulia jinsi yeye mwenyewe alivyomdanganya rafiki yake ili apewe daraja takatifu. Alijitetea kwa kusema kwamba mganga naye humdanganya mgonjwa ili anywe dawa. Yoane Kasiano, mwalimu wa wamonaki, alifananisha uwongo na mzizi wenye sumu: humponya aliye katika hatari ya kufa, lakini akiunywa mtu mzima wa afya, humwua.

Nao walikuwa na mifano ya Biblia. Wazalishaji wa Misri, Shifra na Pua, walimdanganya Farao ili watoto wa kiume wa Waebrania wasiuawe, na Mungu akawatendea mema. Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi wa Israeli, akawapotosha waliowatafuta, naye akaokolewa pamoja na jamaa yake.

Agostino aliijua mifano hiyo yote. Alijibu kwamba Mungu aliwapa wanawake hao tuzo kwa ajili ya huruma yao, si kwa ajili ya uwongo wao. Kwake mwongo ni mwenye mioyo miwili: mmoja unajua hivi, na mwingine unaupa ulimi neno jingine ili kumpoteza msikilizaji. Anayekosea kwa kutojua si mwongo. Agostino alihesabu aina nane za uwongo, akauweka mbele ya yote, kwa ubaya, ule unaosemwa katika kufundisha dini.

Karibu na mwaka 420 aliandika kitabu cha pili. Mtu mmoja, Consentius, alimwuliza kama inafaa wakatoliki wajifanye wafuasi wa Priscillianus wa Hispania, ili wawagundue wazushi hao waliojificha. Agostino alikataa kabisa. Tutaushinda uwongo kwa uwongo namna gani? Na mwalimu akijulikana kwamba hudanganya akiona faida, siku nyingine nani atamsadiki?

Hata hivyo hakuwa mwenye moyo mkavu. Katika kitabu kingine alikubali kwamba mtu asiyesema uwongo ila kwa kuokoa mwenziwe amekwisha kwenda mbali katika njia ya wema. Alisifu wema wa mtu huyo, lakini uwongo wenyewe hakuusifu.

Deni letu kwa jirani

Katika karne ya kumi na tatu Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipanga fundisho hilo. Alitenga uwongo wa mchezo, uwongo wa kusaidia, na uwongo wa kudhuru. Yote mitatu ni makosa, lakini si sawa kwa uzito: ule wa kumdhuru jirani katika jambo kubwa ni dhambi ya mauti, hii miwili mingine kwa kawaida ni dhambi ndogo. Kwa nini ukweli ni lazima? Kwa sababu watu hawawezi kukaa pamoja wasiposadikiana. Kwa hiyo kila mtu anadaiwa ukweli na mwenzake. Lakini Tomaso aliongeza jambo la maana: ni halali kuficha ukweli kwa busara. Kunyamaza si kudanganya.

Baadaye werevu wengine walitafuta kichochoro. Walifundisha kwamba mtu aweza kutamka nusu ya neno kwa kinywa na kumalizia nusu moyoni. Aulizwa: «Umeiba mbuzi wangu?» Ajibu: «Sikuiba», na moyoni aongeza: «leo». Ati huyo hakusema uwongo! Mwaka 1679 Papa Inosenti wa XI alikataza mafundisho ya namna hiyo. Mungu hatudai kuwa na akili za sungura wa hadithi.

Katika siku zetu swali lilirudi tena. Katekisimu ya Eklezya Katolika ilipotoka mwaka 1992, ilisema kwamba uwongo ni kumpoteza mtu mwenye haki ya kujua ukweli. Wengine walifurahi, wakifikiri: muuaji hana haki hiyo, basi kumdanganya si uwongo. Lakini katika chapa ya Kilatini ya mwaka 1997 maneno hayo juu ya haki yaliondolewa mahali pale. Yalibaki mahali pengine, nayo yasema hivi kwa maana: hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Ni njia ile ile ya Firmus na Tomaso: unaweza kufunga kinywa.

Nani analipa?

Hapo mtu atatuuliza: «Na kama kunyamaza kwenyewe kunamtoa yule aliyefichwa?» Ni kweli, si kila mlango una kaisari mwenye huruma nyuma yake. Mama aliyetetemeka mbele ya panga, akasema: «Hapa hayupo mtu», sisi hatutamhukumu. Agostino mwenyewe angemwona mbali sana katika wema.

Lakini tuseme kweli mbele ya Mungu: tukihesabu uwongo wetu wa juma hili, mara ngapi tulikuwa na panga mbele yetu? Mama yule tunamfanya mwavuli. Tunasema: «Kuna uwongo wa lazima», kisha chini ya mwavuli huo tunaingiza risiti ya uwongo, hati ya uwongo, kipimo cha uwongo. Mama yule alijitia hatarini ili mwingine aishi. Sisi tunamweka mwingine hatarini ili tupate franka. Firmus alilipa bei ya ukweli kwa mwili wake mwenyewe. Uwongo wetu nao una bei, na mara nyingi yuko mwingine anayeilipa.

Jambo hilo lilionekana wazi Goma, katika nchi yetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa huko mwaka 1981. Alisoma sheria, akaingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani. Kisha akapata kazi katika ofisi ya Leta yenye kukagua bidhaa mpakani. Wafanyabiashara walitaka kupitisha chakula kilichooza. Walimtolea feza ili atie sahihi. Watu wengi wangesema: «Ni sahihi tu, ni wino kidogo.» Yeye aliona nyuma ya wino ule watu watakaokula. Akakataa. Mwezi wa saba wa mwaka 2007 alikamatwa na watu, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Mwezi wa pili wa mwaka 2023 Papa Fransisko aliwaeleza vijana wa Kinshasa habari zake, na tarehe 15 mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Tuangalie vema: hakuulizwa kama anamkana Kristu. Aliombwa kuandika kwamba kitu kibovu ni kizuri, basi. Na Eklezya imemwita shahidi.

Basi, ndugu zetu, tusingoje siku ya mateso makubwa. Tuanze na karatasi iliyo mbele yetu kesho asubuhi, na gunia, na mizani. Tukiombwa jambo ambalo hatuna ruhusa ya kulisema, tunyamaze. Tukiwa tumekwisha kudanganya, kuungama peke yake hakutoshi: tumrudishie jirani haki yake, na kama tulimharibia jina, tulitengeneze mbele ya wale wale waliotusikia. Na kabla ya kutia sahihi tujiulize: nani atalipa kwa ajili ya neno langu hili? Kama ni yule asiyejua kitu, tuiweke kalamu chini.