Dick Francis na Farasi Devon Loch

Huko Uingereza yako mashindano ya farasi ambayo ndani yake hukimbia na kuruka viunzi vya matawi na mitaro. Yasifiwayo kuliko yote ni yale ya Aintree, karibu na Liverpool: maili 4 na zaidi, na kuruka mara 30.

Dick Francis, aliyezaliwa Wales mwaka 1920, alikuwa mpanda farasi hodari. Katika msimu wa 1953–54 aliwapita wapandaji wote wa mbio hizo kwa wingi wa ushindi, na katika maisha yake alishinda mara zaidi ya 350. Lakini ya Aintree hakuyapata.

Tarehe 24 Machi 1956 alimpanda Devon Loch, farasi wa mamaye Malkia Elizabeth. Viunzi vyote vikarukwa salama, wenzao wakaachwa nyuma, ikabaki kama yadi 50 tu. Mara farasi, pasipo kitu mbele yake, akainuka kama arukaye, akaanguka kwa tumbo. ESB akapita, akashinda. Wako waliosema aliona kivuli. Francis mwenyewe alidhani kelele za watu zilimshtua. Hata sasa hakuna ajuaye hakika.

Sisi twaona ni ajabu kwamba ushindi 350 husahauliwa, na yadi 50 hukumbukwa. Mwaka 1957 aliacha kupanda, akashika kalamu. Hadithi zake za upelelezi, zaidi ya 40, zilisomwa na watu wengi wasiomjua farasi hata mmoja.