Chama Kilichozaliwa Mikoani

Mgeni anayetafuta makumbusho London huanza na British Museum, halafu Victoria and Albert, na siku inakwisha. Jijini humo humo ndiko yaliko makao ya Museums Association, chama cha makumbusho na wafanyakazi wake nchini Uingereza. Kwa miaka mingi ofisi zake zilikuwa mtaa wa Clerkenwell. Lakini chama hiki si mwana wa London. Kiliundwa York, kaskazini mwa nchi, tarehe 20 Juni 1889, na walioanzisha shauri hilo ni watu wa mikoani.

Sababu yake haifichiki. Mhifadhi wa London akikwama aligonga mlango wa jirani yake ofisini. Yule wa mji mdogo alibaki peke yake na ndege waliokaushwa, visanduku vya mawe, sarafu za Warumi na halmashauri iliyodhani kazi yake ni kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Elijah Howarth, mhifadhi wa Sheffield, alipendekeza tangu mwaka 1877, katika jarida la Nature, kwamba wenye kazi hii wawe na chama chao. Miaka kumi ikapita bila jambo. Ndipo mwaka 1888 jumuiya ya wasomi wa York, Yorkshire Philosophical Society, ikaitisha kikao, na mwaka uliofuata chama kikasimama. Mkutano wa kwanza wa mwaka ulifanyika Liverpool mwaka 1890. Tangu hapo mkutano huo umekuwa ukihama mji hadi mji, jambo ambalo kwa maoni yangu limekisaidia chama kuliko katiba yake.

Howarth akawa mhariri wa kwanza wa Museums Journal, lililoanza mwaka 1901 na linatoka hadi leo.

Mwaka 1928 Sir Henry Miers alitoa ripoti yake juu ya makumbusho ya umma ya Uingereza, yale ya taifa akiyaweka kando. Aliyoyakuta yalitia aibu: mishahara duni, wahifadhi wasio na mafunzo, mahali pengine kazi ikifanywa na mtu mwenye ajira nyingine. Katika miaka ya 1930 chama kikajibu kwa kozi na stashahada, ili kazi hii itambuliwe kuwa taaluma. Miers na mwenzake S. F. Markham walitazama na makoloni pia. Ripoti yao kuhusu makumbusho ya Afrika iliyotawaliwa na Waingereza ilitoka mwaka 1932. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na jumba lake la makumbusho, Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925, na Nairobi ilikuwa na Coryndon, la mwaka 1930. Ripoti ilitazama kutoka juu. Sidhani Mwafrika aliyefuta vumbi la makabati yale aliulizwa neno.

Tukirudi Uingereza, shida ya mikoani haikuisha. Ilibadilisha nguo tu. Baada ya mwaka 2010 serikali ilipobana matumizi, halmashauri zilitafuta pa kukata, na makumbusho yalikuwa karibu na kisu. Mwaka 2016 Lancashire ilifunga makumbusho matano kwa mpigo. Mojawapo ni Queen Street Mill huko Burnley, kiwanda cha kufuma nguo kwa nguvu ya mvuke, ambacho mtambo wake ulibadilishwa jina ukaitwa Amani kwa ajili ya kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vile vile vilivyozaa jumba la Zanzibar. Milango yake ilifunguliwa tena baadaye, kwa kusuasua.

Jaribio kubwa lilitokea Northampton. Makumbusho ya mji huo yalikuwa na Sekhemka, sanamu ya chokaa ya mwandishi wa Misri ya kale, amekaa na karatasi ya mafunjo magotini, mkewe chini ubavuni mwa mguu wake. Halmashauri ilitaka fedha za kupanua jengo. Julai 2014 sanamu ikapigwa mnada London kwa pauni milioni 15.76, sehemu ikienda kwa ukoo wa bwana aliyedai haki juu yake. Wamisri walilalamika, wenyeji walilalamika. Chama kikaifungia Northampton mlango wa uanachama kwa muda usiopungua miaka mitano. Wapo waliosema ni ukali wa bure kwa mji wenye njaa ya fedha. Mimi naona kilifanya sawa: halmashauri moja ikiuza na kustarehe, zote zitaanza kupiga hesabu ya bei za kabati zao.

Sasa chama kimeingia kwenye mjadala wa mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni. Mwongozo wake wa kuondoa ukoloni katika makumbusho ulitoka mwaka 2021. Pembeni ya hayo yote kiko kitu ambacho magazeti hayakiandiki: mfuko wa kuwafaa wanachama waliopatwa na dhiki.

Kwetu, Mombasa iliwahi kuonyesha njia kwa kuanzisha mwaka 2000 kituo cha kuwafundisha watu wa makumbusho wa Afrika. Mafunzo ni nusu ya kazi. Anayelinda ngoma za Wasukuma kule Bujora, anayelinda nyumba ya Lamu na anayemwonyesha mgeni mahali walipokutana Livingstone na Stanley pale Ujiji wana shida zinazofanana, nao hawajuani. Wakutane, hata kama ni watu kumi na nauli ya basi. York ilianza na wachache vile vile.