Viunganishi vya pawa saplai ya kebo za kuchomoka

Viunganishi vya pawa saplai ya kebo za kuchomoka ni plagi zinazopeleka umeme kutoka pawa saplai ya kompyuta hadi kwenye vifaa vyake, pale ambapo kebo hazikuungwa moja kwa moja ndani ya boksi. Hutambuliwa kwa idadi ya pini, umbo la vitundu na maandishi kwenye plagi. Upande wa vifaa hufuata viwango vya pamoja, vikiwemo vya ATX vilivyoanzishwa na Intel mwaka 1995.

Plagi ya pini 24 ni ya ubao mama. Zile za pini 8 ndizo huchanganywa zaidi: ya prosesa, iliyoandikwa CPU au EPS, hugawanyika nne kwa nne na ina nyaya nne za volti 12; ya kadi ya picha, iliyoandikwa PCIe, hugawanyika sita kwa mbili, ina nyaya tatu tu za volti 12, na hubeba hadi wati 150. Plagi ya 12VHPWR, yenye pini 16, hufikisha wati 600. Diski hutumia SATA, plagi bapa yenye pini 15 na umbo la L. Za zamani hutumia Molex ya pini 4.

Upande wa pawa saplai yenyewe hauna kiwango cha pamoja. Kebo ya toleo jingine, hata la kampuni ileile, huweza kuingia barabara lakini ikapeleka volti 12 kwenye njia ya volti 5 na kuunguza diski.