Miwani Nyekundu ya Kuku

Kuku akiona damu kwenye mwili wa mwenzake, huidonoa. Kidonda kidogo karibu na mkia hupanuliwa na mdomo mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka tetea analiwa na kundi lake angali hai. Wafugaji wa Marekani walipoanza kufungia matetea mamia kwa mamia ndani ya mabanda, msiba huo uliwatia hasara kubwa, na katika kuuhangaikia wakafika hata kuwavisha kuku miwani.

Miwani ya mwanzo haikuhusiana na rangi. Mwaka 1903 Andrew Jackson Jr. wa Munich, Tennessee, alipewa hataza ya kikinga macho cha kuku, kilichokusudiwa kuzuia jicho lisidonolewe. Rangi iliingia baadaye. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, National Band and Tag Company ya Newport, Kentucky, ilikuwa ikiuza miwani yenye vioo vyekundu vilivyoning'inia kwa bawaba. Kuku alipoinua kichwa, vioo vilikaa mbele ya macho. Alipoinama kula, vilibembea mbele na punje zikaonekana kwa rangi yake ya kawaida. Ulikuwa ubunifu wa mtu aliyemtazama kuku kwa makini.

Hoja ya kuificha damu kwa vioo vyekundu ilikuwa na msingi. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe za kutambua rangi. La kuku lina nne, na huona hata sehemu ya mwanga wa urujuanimno tusioweza kuuona. Ndani ya chembe hizo mna matone ya mafuta yenye rangi, yanayochuja mwanga na kuzitenganisha rangi zaidi. Kwa jicho kali namna hiyo, damu juu ya manyoya meupe haifichiki. Ila kila kitu kikiwa chekundu, damu haijitokezi tena.

Biashara ilishamiri. Januari 1955 Sam Nadler, muuzaji wa miwani hiyo kutoka Brooklyn, alijitokeza katika kipindi cha televisheni cha What's My Line?, ambako ilielezwa kwamba kampuni yake huuza jozi milioni mbili hadi tatu kwa mwaka. Aina nyingine zilifungwa kwa pini iliyotoboa ukuta wa pua, ukatili ambao Uingereza iliupiga marufuku baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Randall Wise, kupitia kampuni yake ya Animalens huko Massachusetts, alirudisha wazo hilo kwa lenzi nyekundu zinazobandikwa juu ya jicho lenyewe. Aliahidi kuku watulivu na wenye kula kidogo. Majaribio yalionyesha macho yaliyowashwa na kuambukizwa, na baadhi ya kuku wakapofuka.

Kilichoishinda miwani ni mashine ya kukata midomo, iliyo rahisi na ya haraka, ingawa humwumiza kifaranga. Balbu nyekundu bandani nayo hufanya kazi ya vioo bila kumgusa kuku. Lakini chanzo cha kudonoana hakikuwa rangi peke yake: kuku aliyeumbwa kuparua na kudonoa ardhi mchana kutwa, akikosa cha kuparua, huyageukia manyoya ya jirani yake. Norway, Sweden na Finland zimekataza ukataji wa midomo. Wafugaji wa huko hutegemea matandazo ya kuparuliwa, mwanga hafifu na uteuzi wa mbegu za kuku wapole.