Kukata tamaa nako hurithiwa

Wazee wa Bariadi huwalaumu vijana kwamba hawaamini lolote. Lakini kutoamini huko kuna historia yake. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaunda ushirika wao. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchini, wenye mali hawakuulizwa. Sheria ya 1982 ilivirudisha, nayo ikatoka juu vilevile. Babu alijenga, baba akanyang'anywa, mjukuu akasimuliwa. Basi kijana akisema "shauri yao", anakumbuka. Mahubiri hayatambadilisha. Aisome mizani mwenyewe, na kura yake chamani ihesabiwe.